Barua kwa mwanangu, shule ikifungwa ugenini

Mwanangu mpendwa,

Zamani barua zetu zote zilianza kwa maneno yaleyale: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali." Tuliyaandika kwa mazoea, mkono ukienda wenyewe. Safari hii nimeyaandika, kalamu ikasimama. Sisi tu wazima kweli, na mashaka ni juu yako kweli.

Sauti yako Jumapili ilikuwa ya mtu anayejikaza. Ulisema shule imefungwa, walimu wenzako wametawanyika kila mmoja kwao, nawe umebaki kwenye nyumba ya shule na rundo la madaftari, na huko sikukuu haina shamrashamra. Ukasema hujali, una kazi nyingi. Mama yako akanitazama. Yeye anakujua ukisema hujali.

Ujanja huo wa madaftari naujua kwa sababu niliutumia mimi. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitolea, kama wewe sasa, nilifundisha hesabu katika nchi ambayo sikuwa na ndugu wala mtu wa kusema naye lugha yangu. Shule ilipofungwa nikajifungia darasani. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya madawati, na ubaoni lilibaki swali la mwisho, robo tatu jumlisha nusu, halina jibu kwa kuwa kengele ililia. Nilisahihisha siku tatu. Nilipomaliza nikaanza upya, sasa nikitafuta makosa ya mwandiko. Usicheke. Ukinichungulia dirishani ungesema huyu ni mchapakazi.

Tena ofisi iliyonipeleka ilikuwa imefunga bila kututumia posho, na simu yao iliita mpaka ikachoka. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, hakikisha posho ya mwezi ujao inaingia lini, bima yako inakubaliwa hospitali ipi, na nani atapokea simu ukipiga siku ya sikukuu. Uwe na jina la mtu, si la ofisi. Na mkipanga kuvuka mpaka kutembea, tazama viza yako kwanza: kama ni ya kuingia mara moja, ukitoka umeitumia. Mwenzangu mmoja alikwama mpakani hivyohivyo, begi dogo mgongoni, chaki bado mfukoni.

Haya, turudi darasani. Siku ya nne mlinzi alipita kukagua madirisha, mzee mmoja ambaye funguo zake zilisikika kabla yake. Hakunionea huruma. Alishusha kiti, akakaa, akaniuliza kwa lugha yake mbona siendi popote. Nikamjibu kwa maneno machache niliyokuwa nayo na kumkaribisha akae vizuri. Akacheka mpaka akashika meza. Ndipo nilipojua kwamba neno nililowaambia wanafunzi muhula mzima, nikidhani ni "kaeni", ni la kumwambia mbuzi alale. Na watoto wale, kwa adabu yao, walikuwa wakikaa.

Jioni akanialika kwake. Nilikataa mara mbili: nitawasumbua, sina cha kwenda nacho mkononi. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu nakuandikia. Sisi tunaojitolea huzoea mkono wetu kuwa wa juu. Tumekwenda kutoa, basi tukipewa tunaona haya, tunatafuta udhuru. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa wewe jembe ulipewa siku ya kwanza, au tuseme chaki, kwa hiyo zile siku mbili za ugeni hukuzipata. Unadai. Shule ikifungwa ndipo unalipwa.

Aliponiuliza mara ya tatu nikaenda. Kwa mzee yule sikuwa mwalimu wa mtu. Nilionyeshwa pa kukaa, nikawekewa sahani, na mjukuu wake wa miaka sita akajipa kazi ya kunifundisha kuhesabu hadi 20. Kila nilipofika 17 aliziba uso kwa viganja, kama mtu aliyeona aibu ya mwenzake, kisha ananirudisha 1. Sikumbuki tulikula nini. Ile 17 naitamka sawasawa mpaka leo.

Kwenye mafunzo yetu tulisimuliwa habari ya kundi la kwanza la Peace Corps, shirika la Marekani linalopeleka watu wa kujitolea nchi za nje: walimu hamsini na kitu walioshuka Accra, Ghana, tarehe 30 Agosti 1961 na kuimba wimbo kwa Kitwi, lugha ya huko, palepale uwanja wa ndege. Nilidhani tunasimuliwa ili tujue umuhimu wa lugha. Siku hizi nafikiri kilichowafaa zaidi ni kukubali kuchekwa kabla hata hawajafungua mabegi.

Halafu hili ulilosema, kwamba huko sikukuu haina shamrashamra. Kalenda si moja, mwanangu. Japani tarehe 25 Desemba watu wanakwenda kazini. Waorthodoksi wa Ethiopia na Urusi wana Krismasi yao tarehe 7 Januari. Idd hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Siku unayoililia wewe, kwa majirani zako huenda ni siku ya kufua nguo tu, nao wana siku yao ambayo itakukuta katikati ya kipindi. Waulize ni lini, uiandike kwenye ratiba. Mimi sikuuliza, nikatunga mtihani siku ambayo kijiji kizima kilikuwa kimevaa nguo mpya. Walikuja wanafunzi wawili, wote wawili wananuna.

Huku hakuna jipya. Kaka yako amehamia chumbani kwako, anadai ni kwa muda. Mama yako ameshatangaza kwamba simu ya sikukuu ni yake, kwa hiyo mimi nitapata zile dakika za mwisho, za "haya, msalimie baba yako". Kama kuna neno ambalo umekuwa ukiwakosea watoto muhula mzima, mama yako usimwambie. Niwekee mimi.

Baba yako