Bili imepanda, spidi haijapanda: naomba laini yangu ya faiba irekebishwe

Kwenu Huduma kwa Wateja, nakala kwa kitengo cha ufundi,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa faiba ya nyumbani hapa Tabata Segerea, Dar es Salaam, namba ya akaunti nimeiweka juu kwenye barua pepe. Naomba barua hii isiishie kwa anayepokea simu, imfikie mtu wa ufundi anayeweza kufungua mitambo yenu akaiangalia laini yangu, kwasababu kila nikipiga naambiwa zima ruta, subiri dakika tano, washa. Nazima, nasubiri, nawasha, hali ni ileile, alafu mkishasikia nimewasha tiketi inafungwa na naletewa meseji kwamba tatizo langu limetatuliwa. Halijatatuliwa.

Nilikuwa kwenye kifurushi cha Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde, na kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa, sikuwa na ugomvi wowote na nyie. Mkanipigia wenyewe mkaniambia sasa hivi kuna Mbps 100, kushusha na kupandisha sawasawa, nikakubali maana kazi yangu inahitaji. Nikalipa tofauti, fundi akaja akabadilisha kile kiboksi cha faiba pamoja na ruta, na tangu siku ile mtandao wangu ni mbovu kuliko wakati nalipa hela ndogo. Bili ilipanda siku hiyohiyo, spidi mpaka leo haijapanda.

Mimi nahariri video za harusi, sendofu na kicheni pati. Video moja ya harusi ikishakamilika inafika GB 12, wakati mwingine inazidi, na nyingi zinaenda kwa ndugu wa maharusi walioko Muscat au Uingereza ambao hawakuweza kuja, kwahiyo kupandisha mafaili makubwa ndio kazi yenyewe. Pigeni hesabu wenyewe. GB 12 kwa Mbps 100 ni kama dakika 16, tuseme ishirini kwa usumbufu wa njiani. Kwa Mbps 20 ni saa moja na dakika ishirini, na hiyo nilishaizoea, naliweka faili naenda jikoni nikirudi limefika. Sasa hivi usiku laini inashuka mpaka Mbps 3, na kwa spidi hiyo faili lilelile linataka karibu saa tisa, na hizo saa tisa zenyewe halizimalizi kwasababu katikati ile taa ya LOS, ya kuonyesha mwanga wa faiba haufiki, inawaka nyekundu, laini inakatika, faili linaanza moja. Kuna familia imesubiri video ya ndoa ya binti yao mpaka wakaanza kuniona tapeli, na mimi kazi nilishaimaliza, ipo tu hapa kwenye kompyuta haitoki. Hilo linaniuma sana, maana jina langu kwenye hii kazi nimelijenga kwa miaka.

Sasa nije kwenye majibu yenu, kwasababu kila anayepokea simu ana jibu lake na yote nimeyapima.

Wa kwanza aliniambia ni wifi. Sawa, najua wifi inasumbua, huku kwetu nyumba zimebanana na kila mtu ana ruta yake, ile ya 2.4 GHz inapita ukutani vizuri ila imejaa watu, na ya 5 GHz ina spidi ila ukuta wa tofali unaichosha. Kwahiyo wifi nikaizima kabisa. Nikachomoa tivii, simu zote zikawa kwenye bando, nikachukua waya nikaunganisha laptopu moja kwa moja kwenye kiboksi chenu. Laptopu inaonyesha imeunganishwa kwa Gbps 1, maana yake nyaya zote nane za ndani ya ule waya zinashika, ingekuwa kuna mbili zimekufa ingeshuka mpaka Mbps 100. Matokeo yakawa yaleyale. Kwahiyo wifi tuiweke pembeni na naomba asitokee mtu mwingine wa kuniambia nisogeze ruta.

Mwingine akasema nachanganya megabaiti na megabiti. Sichanganyi. Baiti moja ni biti nane, kwahiyo Mbps 100 inatakiwa kunipa kama MB 12 kwa sekunde ninapopakua faili. Mimi napata MB 2.4. Zidisha mara nane ni 19.2, na hiyo namba naomba muikumbuke nitairudia hapo chini.

Alafu kuna aliyeniambia ni nyaya za baharini, zile zinazotuunganisha na intaneti ya nje. Jamani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za namna hiyo, EASSy na SEACOM, zilipokatika sote tulijua, Tanzania nzima ilihangaika na Kenya pia, na siku zile sikuwapigia simu hata mara moja kuwalalamikia kwasababu nilielewa tatizo haliko kwenu. Lakini sasa hivi nikipima spidi kwenye sava iliyopo hapahapa Dar es Salaam, ambayo data yake haigusi bahari, napata matokeo mabovu sawasawa na nikipima kwenye sava ya Ulaya. Ingekuwa ni bahari, ya hapa Dar ingekuwa nzuri na ya Ulaya ndio ingekuwa mbaya. Msimpe mteja sababu kubwa kubwa kwa kuwa tu hawezi kwenda kuangalia.

Na la mwisho, kwamba usiku watumiaji ni wengi. Hili ndio lilikaribia kuniingia akilini, kwasababu ni kweli faiba ya majumbani inagawanywa, waya mmoja kutoka kwenye mtambo wenu unabeba kama Gbps 2.5 na unagawanywa kwa nyumba 32 au hata 64, kwahiyo wote wakiwasha tivii saa mbili usiku kunaweza kubana. Ila jirani yangu hapa ukuta kwa ukuta anatumia huduma yenu hiyohiyo, waya wake unatoka kwenye kiboksi kilekile cha nguzoni, ana kifurushi cha Mbps 50, na nilienda kwake saa mbili usiku tukapima akapata 48. Mimi dakika hizohizo nina 3. Msongamano gani huo unaochagua nyumba?

Sasa niwaambie mimi nimeona nini, maana nimekaa na hili tatizo mpaka nimelijua, na naamini yapo mawili yamepandiana na ndio maana kila mtu wenu anakamata kipande kimoja anaacha kingine.

Tatizo la kwanza ni hiyo 19. Mchana mtandao wangu haukatiki, umetulia, lakini haujawahi kuvuka 20, iwe asubuhi, iwe saa nane mchana, kushusha 19 na kitu, kupandisha 19 na kitu. Laini yenye kasoro ya waya inayumba, mara 60 mara 12 mara 35. Yangu haiyumbi, inagota palepale, na pale inapogota ndio kifurushi changu cha zamani. Kwa hiyo mimi naona mliyoyabadilisha ni ya kwenye bili tu, lakini kule kwenye mtambo wenu profaili ya laini yangu, yaani kiwango cha spidi nilichowekewa, imebaki ya Mbps 20. Hili ni jambo la mtu kukaa kwenye kiti akafungua akaunti akalinganisha vitu viwili, anachotozwa mteja na alichowekewa. Nimeliomba hili kwenye simu nikajibiwa "kwenye mfumo inaonekana uko Mbps 100 mama". Mfumo anaouona wa huduma kwa wateja ni wa malipo. Naomba aangalie wa ufundi.

La pili ni dirisha. Mwanzoni waya wa faiba uliingia ndani kwa tundu lililotobolewa ukutani, juu ya pazia, ukatulia hapo miaka yote. Fundi aliyekuja kubadilisha alitaka kiboksi kipya kikae upande wa pili wa sebule karibu na soketi, na badala ya kutoboa tundu jipya akaupitisha waya kwenye reli ya dirisha la aluminiamu, lile la kusukuma, akaukunja kwenye kona akaubana na klipu ya msumari. Mchana dirisha liko wazi. Jioni mbu wakianza tunafunga, na fremu inakuja kuukandamiza waya palepale kwenye kona. Sasa faiba inapitisha mwanga kwenye uzi wa kioo, ukiikunja sana mwanga unavuja, ni kama mpira wa maji ukiukanyaga.

Na nimehakikisha. Nilifungua ukurasa wa kile kiboksi kwenye laptopu, kuna sehemu inaonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa. Dirisha likiwa wazi inasoma -23.5 dBm, na dBm ndio kipimo chenyewe, namba ikizidi kwenda chini ya sifuri mwanga umepungua. Nikamwambia mwanangu asukume dirisha taratibu huku nasoma, ikaanza kushuka, -24, -25.9, likafunga kabisa ikawa -27.8, na hapo taa ya LOS ikaanza kupepesa. Akafungua, ikarudi. Nikamwambia afunge tena, ikashuka tena. Sikuugusa waya wenu wala sikuchomoa kitu, ni dirisha tu linafunguliwa na kufungwa. Na kadi ya kazi ya fundi wa kwanza kabisa, aliyetufungia tukiwa wateja wapya, ninayo, ameandika kwa mkono wake -21. Nyie mnajua kuliko mimi kwamba kila ikishuka 3 mwanga unabaki nusu, kwahiyo kutoka -21 mpaka -27.8 nimebakiwa kama na moja ya tano ya mwanga niliokuwa napata zamani, na vifaa vya aina hii vikishafika -27 au -28 vinakuwa mwisho wa kusikia, ndio maana usiku data inapotea njiani, spidi inakuwa 3 na laini inakatika katika.

Kwahiyo hivi sasa nikiwa na video ya kutuma usiku nalazimika kuacha dirisha wazi. Nyumba ina watoto, na hii ni Dar es Salaam, malaria mnaijua. Mteja anayelipia Mbps 100 asilazimishwe kuchagua kati ya mtandao na mbu.

Mtanisamehe nikisema hili lakini lazima niseme, yule fundi simlaumu sana. Alikuwa peke yake, alikuwa na nyumba nyingine zinamsubiri siku ileile na simu yake haikuacha kuita, na hakuwa na dreli, alikuwa na nyundo na klipu. Pia hakuwa na ile mita ya kupima mwanga, au kama alikuwa nayo hakuitoa. Aliwasha, taa zikawa za kijani, akanionyesha tivii inacheza, akanipa kalamu nisaini. Angepima mwanga kabla ya kuondoka na kupima spidi kwa waya, matatizo yote mawili yangeonekana kabla hajashuka ngazi. Hilo ni la kwenu mliompangia kazi, mpeni vifaa na mpeni muda.

Ninachoomba ni hiki. Mtu wa ufundi abadilishe profaili ya laini yangu iwe ile ninayolipia na anitumie ujumbe akishabadilisha ili nipime mwenyewe kwa waya. Fundi aje na mita na dreli, atoboe tundu jipya, autoe waya dirishani, na kipande kilichokunjwa akikate akiunge vizuri au abadilishe waya mzima kutoka nguzoni, asikinyooshe tu kwa vidole akakiacha, maana kioo kikishaumia hatujui kitadumu mpaka lini. Akimaliza aniandikie kwenye kadi nguvu ya mwanga na spidi aliyopima, dirisha likiwa limefungwa. Na ile tofauti ya bei niliyolipa tangu mliponibadilishia kifurushi irudishwe kwenye akaunti yangu, kwasababu huduma ya Mbps 100 sijaipata hata siku moja, nimelipia 100 nimetumia 20. Tena mchana tu.

Na tiketi isifungwe mpaka mimi mwenyewe niseme imekwisha.

Najua utaratibu wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mteja anaanza kwa mtoa huduma wake kwanza na asiporidhika ndio anapeleka kwao, kwahiyo hii barua ndio kuanza kwangu rasmi na nimeihifadhi pamoja na picha za vipimo vyote, kadi ya -21 na video fupi ya dirisha linavyofungwa huku namba zinashuka. Nimeziambatanisha zote. Sina hamu ya kufika huko, nataka mtandao ufanye kazi nitume video za watu.

Nipo nyumbani kila siku isipokuwa Jumamosi, maana Jumamosi nakuwa ukumbini na kamera. Fundi akifika kwenye geti la bluu apige simu asigonge, mbwa tunamfungulia mchana. Namba ni ileile iliyopo kwenye akaunti.

Wenu,
Mteja wa Tabata Segerea