Bondia apimwe na kichwa pia

Mhariri,

Mpwa wangu anapiga ngumi hapa Majengo. Kocha wake humpima wepesi wa kuitikia kwa rula ya shule: anaiachia ghafla, kijana aidake kwa vidole viwili. Kawaida anaidaka ikiwa imeshuka sentimita 20 hivi, yaani baada ya sekunde 0.2. Siku kumi baada ya pambano alilopigwa sana, rula ilimponyoka mara mbili mfululizo ikaanguka sakafuni. Akacheka. Mimi sikucheka. Kabla ya kupanda ulingoni alikuwa amepimwa uzani na presha, basi.

Ngumi ni mchezo wa macho na akili. Ubongo unaweza kupimwa: bondia anavishwa kofia yenye vinasa umeme, anaonyeshwa taa, abonyeze kwa ya kijani na ajizuie kwa nyekundu. Takriban milisekunde 300 baada ya ishara aliyoisubiri, wimbi hupanda kwenye mashine. Likichelewa au kufifia, umakini umeyumba. Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu tangu 1924, kwa hivyo hili si jambo geni.

Lakini lazima apimwe kwanza akiwa mzima, la sivyo utalinganisha na nini?

Bondia Robert Wangila alituletea Kenya dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul 1988, akafariki 1994 baada ya pambano Las Vegas. Wasimamizi wa ngumi Pwani waanze na rula, kama mashine ni ghali. Haizidi bei ya chapati mbili.

Mjomba wa bondia,
Majengo, Mombasa