Aliyetapeliwa tusimwite mshamba

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linaniuma sana. Mtu akitapeliwa hapa kwetu Tanzania hapewi pole, anachekwa. Utasikia kaingizwa mjini huyo, mshamba, tamaa imemponza, na wanaosema hivyo ni ndugu zake hao hao.

Hebu angalieni zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Zinanasa watu sio kwamba ni wajinga, ni kwamba mama wa watu kweli kamuahidi mwanae hela ya ada, yuko njiani anaenda kwa wakala na meseji inaingia saa hiyo hiyo, ataacha kuamini vipi? Tapeli anatuma kwa namba nyingi tu, hajui nani anasubiri hela ya nani, ila lazima mmoja atamkuta. Na ile ya kupigiwa simu kwamba mtoto wako kaanguka shuleni, kakimbizwa hospitali, tuma hela ya vipimo haraka, mzazi gani hapo atatulia aanze kuhoji?

Tena tusidanganyane kwamba wanaopigwa ni wa kijijini tu. DECI, ile taasisi ya upatu, mmeisahau? Watu walipeleka hela wakaambiwa wamepanda mbegu, wasubiri kuvuna, na walioiendesha walikuwa wachungaji. Wa mwanzo walivuna kweli, ndo maana wakaita na ndugu zao, mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na wengi hela zao zikabaki humo. Walikuwemo wafanyakazi, waliosoma vizuri tu. Unaweza ukawa na digrii yako na bado hujui kuwa faida unayopewa leo ni hela ya aliyejiunga jana, kama hujawahi kuambiwa utajuaje?

Hii aibu ndo inawanufaisha matapeli. Mtu akishachekwa ananyamaza, polisi haendi, hata mumewe hamwambii, na ile namba inaendelea kuliza wengine. Wakati ipo namba 15040 ya kuripoti utapeli, unaituma huko ile meseji na namba ya tapeli inashughulikiwa, lakini waulizeni wazazi wenu kama wanaijua. Tunawanunulia simu, tunawafundisha kutuma na kutoa hela, tukimaliza hapo tunapanda basi tunarudi mjini. Hatuwaambii kwamba mtandao wa simu ukikupigia unatumia namba 100, na anayetaka namba yako ya siri ni mwizi hata ajitambulishe vipi.

Ombi langu kwenu mhariri, tengeni kakona kadogo kila wiki muandike mbinu moja, na maneno yenyewe wanayotumia, kwa herufi kubwa ili wazee wasome bila kuhangaika. Na anayetaka kusimulia alivyoibiwa mumpe nafasi bila kutaja jina lake, wapo wengi watakaowaandikia.

Msomaji wenu,
Morogoro