Jaji akizuia mgomo, ausikize na mgogoro wenyewe

Mhariri,

Chama cha wafanyakazi wa afya hapa Kenya kikitoa notisi ya siku saba ya mgomo, mara nyingi mwajiri hukaa kimya hadi notisi ikaribie kuisha. Hapo ndipo wakili wake anapokimbilia Mahakama ya Leba na ombi la dharura, na jioni hiyo hiyo agizo la kusitisha mgomo linazunguka kwenye simu za wanachama.

Mimi ni muuguzi mstaafu na nilikuwa mwakilishi wa chama kwa miaka mingi. Sipingi mahakama kuwa na uwezo huo. Wakati wa mgomo mmoja nilibaki zamu katika chumba cha watoto njiti. Mtoto wa kilo moja na nusu hulishwa kwa mpira kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na asipopata wa kumlisha hawezi kungoja wakubwa wapatane. Ndiyo maana Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 imeziweka hospitali kwenye orodha ya huduma muhimu na kukataza mgomo humo, ingawa Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma.

Lakini sheria hiyo haikukusudia kumwacha mfanyakazi mikono mitupu. Kifungu cha 81 kinaipa mahakama nafasi ya kuamua mgogoro wenyewe katika huduma muhimu. Kifungu cha 77 nacho kinamruhusu mwajiri kuomba mgomo uzuiwe ikiwa chama hakikushiriki usuluhishi kwa nia njema, ila mwajiri aliyesusia vikao hana ruhusa ya kutumia sababu hiyo. Haya hayatajwi sana agizo linapotolewa. Nakumbuka kikao kimoja cha usuluhishi ambapo upande wa mwajiri ulileta karani kijana mwenye daftari. Tulipomuuliza kuhusu marupurupu ya zamu za usiku, alisema hana mamlaka ya kukubali lolote, ametumwa aandike tu. Baadaye tulishtakiwa kwamba sisi ndio tuliokataa mazungumzo!

Matokeo yake tumeyaona. Madaktari walitia saini na serikali mkataba wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi mwaka 2013, haukutekelezwa, wakagoma kuanzia tarehe 5 Desemba 2016. Mahakama iliwaagiza warudi kazini, wakakataa, na tarehe 13 Februari 2017 viongozi saba wa KMPDU, chama cha madaktari, wakafungwa mwezi mmoja kwa kukaidi agizo. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufaa ikawaachilia. Mgomo ulidumu siku 100. Jela haikufungua wodi hata moja. Zilifunguliwa na makubaliano. Machi 2024 madaktari wakagoma tena kwa siku 56, wakidai pamoja na mengine malimbikizo ya malipo ya mkataba uliofuata, wa 2017, na safari hii pia agizo la kusitisha mgomo lilikuwepo.

Agizo linalowarudisha watu kazini bila kugusa deni linaahirisha mgomo tu, na kila mara linapopuuzwa heshima ya mahakama inapungua. Hilo linaniuma, kwa sababu mfanyakazi wa kawaida hana kimbilio jingine.

Naomba majaji wafanye hivi. Mwajiri anayeleta ombi siku ya mwisho aulizwe alifanya nini siku zote za notisi. Agizo likitolewa, siku hiyo hiyo ipangwe tarehe ya karibu ya kuusikiza mgogoro, na mwajiri aamriwe kumleta afisa mwenye uwezo wa kutia saini. Na afisa huyo akikosa kufika, aitwe ajieleze mbele ya jaji kama wanavyoitwa viongozi wa vyama.

Muuguzi mstaafu,
Voi, Taita Taveta