Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Kemia, Ziwa na Maji ya Kunywa

Ndugu wanachama, walimu na watafiti wa kemia wa kando ya Ziwa Victoria,

Nianze kwa kuwashukuru mliofika, hasa wenzetu wa Sengerema na Geita. Miaka yote mkutano huu ulikuwa unaanza kwa simu: "Mwenyekiti, tuko Busisi, tunasubiri kivuko." Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kisingizio hicho kimekufa. Leo watu wa ng'ambo wamefika kabla ya watu wa Nyamagana, hapa hapa Mwanza, ambao nyumba zao zinaonekana kutoka hapa tulipokaa. Sitaji mtu, wahusika wanajijua.

Mambo ya ndani nayapitia haraka. Hesabu atazisoma mweka hazina, na nawaomba mumsikilize bila kumkatiza maana mwaka jana hakumaliza. Ada bado inasuasua. Fundi sanifu wetu wa maabara, aliyetufundisha wengi kuosha bureti (mirija ya kioo ya kupimia vimiminika) kabla hatujajua kuzisoma, amestaafu na kurudi Ukerewe. Kamati imemwandikia barua ya shukrani, lakini vifaa vyake alivyovitunza miaka yote bado havijapata mrithi.

Sasa niende kwenye kazi. Mtakumbuka mkutano uliopita uliisha kwa mabishano. Upande mmoja walikaa wanaochunguza ufundishaji: kwa nini kijana anayetaja hatua zote za kusafisha maji kwenye mtihani hawezi kueleza shabu inafanya nini ndani ya ndoo. Upande wa pili walikaa wanaotengeneza vitu vya kusafishia maji, wenye mkaa, udongo na mifupa, waliotuona sisi wa darasani ni watu wa maneno. Tuliamua mwaka huu pande zote mbili zifanye kazi na maji yale yale ya ziwa, mbele ya wanafunzi wale wale. Naomba nisimulie kilichotokea kwenye shule moja ya kata upande wa Ilemela, kwa sababu kimebadilisha mawazo ya wengi, yangu yakiwemo.

Vijana wa Kidato cha Tatu walichota ndoo ya maji ufukweni, pale pale akina mama wanapooshea dagaa. Wakamenya mbegu za mlonge, wakazitwanga, wakakoroga unga wake kwa maji kidogo, wakachuja kwa kitambaa, na tui lililopatikana wakalimimina ndooni. Wakakoroga haraka, kisha polepole, kisha wakaiacha ndoo itulie. Kazi hii si ngeni. Akina mama wa Sudan waliifanya na maji ya Nile kabla ya mtafiti Samia Al Azharia Jahn kuanza kuichunguza na kuiandika kwenye miaka ya 1970. Protini za mlonge zina chaji chanya, na chembe za tope zina chaji hasi. Zikikutana zinashikana, zinakuwa mabonge, zinazama. Baada ya saa moja na ushee maji yalikuwa meupe pee. Darasa lilishangilia, na kijana mmoja akachukua kikombe. Mwalimu akamshika mkono.

Walikuwa wameandaa chupa tatu zenye karatasi ya kipimo cha H2S, kile kilichoelezwa na Manja na wenzake huko India mwaka 1982. Bakteria wa kinyesi wakiwepo, baadhi yao wanatoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, nayo ikikutana na chuma kilichomo kwenye karatasi inaigeuza nyeusi. Chupa ya kwanza ilikuwa na maji ya ziwa, ya pili maji ya mlonge, ya tatu maji ya mlonge yaliyotiwa klorini na kuachwa nusu saa. Zikawekwa kabatini penye joto. Siku iliyofuata ya kwanza ilikuwa nyeusi kama wote walivyotarajia. Ya pili ilichelewa, lakini nayo ikawa nyeusi. Ya tatu haikubadilika. Binti aliyekaa dawati la mbele akauliza: "Kwa hiyo mwalimu, tope limeondoka, wao wamebaki?"

Swali hilo lina uzito kuliko mada nyingi zilizosomwa kwenye mikutano yetu. Mlonge hushuka na sehemu kubwa ya bakteria, ila hauwamalizi. Tena unaacha protini na mabaki mengine ndani ya maji, na waliosalia wanakula humo, ndiyo maana maji ya mlonge hayafai kulazwa. Mabaki hayo hayo yanaila klorini kabla haijafanya kazi yake, kwa hiyo anayedhani atatia kipimo kile kile cha siku zote anajidanganya. (Kwa tahadhari: H2S ni kipimo cha awali tu. Wapo bakteria wa udongoni wanaoweza kuigeuza karatasi bila kuwepo kinyesi, na jibu la uhakika linatoka maabara.)

Wenzetu wa utafiti wa ufundishaji walikuwa wamewaomba vijana hao, kabla ya jaribio, wachore kilichomo ndani ya glasi ya maji safi. Wengi walichora glasi tupu yenye mstari juu. Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow alieleza miaka mingi iliyopita kwamba kemia ni ngumu kwa sababu mwalimu anaruka ngazi tatu kwa pumzi moja: kinachoonekana kwa macho, chembe zisizoonekana, na alama tunazoandika ubaoni. Sisi wenye chaki mkononi tunaruka bila kujisikia. Mwanafunzi anabaki ngazi ya kwanza akinakili ya tatu. Mwaka 1983 Osborne na Cosgrove waliwauliza wanafunzi wa New Zealand mapovu ya maji yanayochemka yana nini ndani, na wengi wakajibu hewa, au hidrojeni na oksijeni. Tuliuliza swali hilo kwenye madarasa yetu. Majibu ya Mwanza yasingewashangaza. Lakini baada ya chupa ya pili kugeuka nyeusi, michoro ya vijana wale ilijaa nukta. Hawakuwa wamefundishwa neno jipya hata moja.

Jambo la pili lilitokana na ugomvi. Makundi mawili ya shule hiyo hiyo yalipima pH ya maji (kipimo cha asidi: asidi ikipungua, namba inapanda) kutoka sehemu moja ya ufukwe, moja asubuhi na jingine alasiri, na matokeo yakatofautiana sana. Kila kundi likalituhumu lenzake kwa uzembe, na mwalimu akaanza kushuku vipimo. Vipimo vilikuwa salama. Ghuba ya Mwanza ina mwani mwingi na sianobakteria (bakteria wanaotumia jua kama mimea), kwa sababu ya fosforasi na naitrojeni zinazoingia kutoka mashambani na mjini, Mto Mirongo unaopita mjini ukiwa shahidi. Jua likiwaka, viumbe hao wadogo wanavuta kaboni dioksidi kutoka majini, asidi inapungua, pH inapanda. Usiku wanapumua, wanairudisha gesi hiyo, na pH inashuka tena. Wanafunzi walikuwa wamepima ziwa likipumua, na nusura tuwanyime alama.

Na hapo ndipo kemia ya kitabuni ilipogeuka kuwa suala la afya. Klorini ikiingia majini inakuwa katika sura mbili zinazogeukiana, HOCl na OCl⁻, na muuaji hodari wa vimelea ni HOCl. Kwenye pH ya 7.5 sura hizo ziko nusu kwa nusu. Ikifika 8.5, HOCl inabaki karibu sehemu moja kati ya kumi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka pH iwe chini ya 8 na klorini huru (ile iliyobaki bila kuliwa) isiwe chini ya miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa. Ndoo iliyochotwa alasiri wakati ziwa ni la kijani haina tabia ya ndoo ya alfajiri, ingawa mkono unaotia dawa ni ule ule. Nani kati yetu aliwahi kufundisha msawazo wa kemikali, yaani sura mbili zinazogeukiana, kwa mfano huu? Tunatumia naitrojeni na hidrojeni zinazounda amonia kwenye viwanda ambavyo mwanafunzi hatavitia machoni.

Nimeulizwa na wanachama kadhaa kama kuchemsha kunamaliza kila kitu. Hapana, hakumalizi. Kuchemsha kunaua vimelea, na yeyote anayechemsha asiache. Lakini baadhi ya sianobakteria, Microcystis kwa mfano, wana sumu iitwayo maikrosistini inayostahimili joto la kuchemka. Seli zikipasuka sufuriani sumu inabaki majini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa siku zote ni maikrogramu 1 kwa lita. Ushauri wetu kwa wanavijiji ubaki mwepesi: maji yakiwa na utando wa kijani juu, usichote hapo.

Kwa sumu ya aina hiyo, mkaa ulioamilishwa (uliotengenezwa uwe na vitundu vingi vya kunasia uchafu) ndio una kazi, na hapa nawapongeza wenzetu wa Magu wanaojaribu pumba za mpunga. Wameshatambua tatizo lake: pumba zina silika nyingi, hivyo sehemu kubwa ya kinachobaki baada ya kuchoma ni majivu, si kaboni. Wanapima ubora kwa kuangalia mkaa unavyoondoa rangi ya methilini bluu, jaribio ambalo shule yoyote inaliweza kwa mabomba ya sindano ya duka la dawa badala ya bureti. Nawaomba wajibu swali moja ambalo ripoti yao imelikwepa: mkaa ukishashiba, unatupwa wapi? Kuurudisha ufukweni ni kumrudishia ziwa sumu yake.

Kundi la mkaa wa mifupa linafanya kazi tofauti, na naomba tusiwachanganye. Tatizo lao ni floraidi ya visima vya upande wa Shinyanga, si maji ya ziwa. Mifupa ikichomwa kwa hewa kidogo inabaki na madini yanayobadilishana ioni (chembe zenye chaji) na floraidi. Ikichomwa kwa moto mkali kupita kiasi inapoteza uwezo huo. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kina uzoefu wa miaka mingi na njia hii, kwa hiyo tusijifanye tunagundua. Kazi yetu ni kwenda kujifunza, na kuwauliza watumiaji mapema kama wako tayari kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa, na ya mnyama gani.

Mwaka huu pia Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, kwa viunzi vya metali na molekuli za kaboni vyenye vitundu vingi kiasi kwamba gramu chache zina eneo la ndani linalolingana na kiwanja cha mpira. Vinaweza kunasa uchafu majini, na Yaghi, aliyekulia Amman kwenye nyumba isiyo na maji ya bomba, ametumia viunzi hivyo kuvuna maji kutoka hewa ya jangwani. Lakini kilichonivutia zaidi ni habari ya Robson. Mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Melbourne, alikuwa akiandaa vipira vya mbao ili wanafunzi waunde maumbo ya molekuli. Ilimbidi aielekeze karakana mahali pa kutoboa kila tundu. Alipoviunga akaona mahali pa tundu penyewe panaamua umbo litakalotokea, akajiuliza kama molekuli halisi zingeweza kujipanga hivyo hivyo. Makala yake ya kwanza kuhusu hilo ilitoka 1989. Wanaosema vifaa vya kufundishia ni kazi ya watu walioshindwa utafiti, hiyo ni ya kwenu.

Na hapa nyumbani, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio la mchanga na chembe ndogo mno za nano linalorekebishwa kulingana na uchafu wa mahali. Hapo mwisho ndipo penye akili yote: kwanza ujue maji yako yana nini.

Nasema hivyo kwa sababu muuzaji mmoja alizunguka shule zetu mwaka huu na chujio "linaloondoa kila kitu". Hakuwa na karatasi ya vipimo, alikuwa na glasi mbili, ya maji ya tope na ya maji meupe. Shule kadhaa zililipa. Kamati inapendekeza azimio: mwanachama asiweke sahihi kupendekeza kifaa au dawa yoyote ya maji bila maelezo ya inaondoa nini, haiondoi nini, na kwa lita ngapi kabla ya kuchoka. Hii iwahusu na wenzetu wanaotengeneza. Nitaliweka azimio hili mezani baada ya chai, na najua nani atalipinga.

Kwa mwaka ujao napendekeza shule zinazotaka zipime maji ya ziwa asubuhi na alasiri kwa msimu mzima. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika 2024, unatudai umahiri, na huu ni umahiri. Asiye na kipimo cha pH atumie juisi ya choya kuonyesha badiliko, lakini asiandike namba. Chupa za sampuli zijazwe hadi mdomoni na zipimwe pale pale ufukweni, maana zikikaa na hewa ndani pH inabadilika njiani. Anayeingia majini kuchota avae buti. Kichocho hakijui nani ni mtafiti. Majina ya shule yamfikie katibu kabla ya muhula kufunguliwa, na wa Ukerewe waseme mapema ili tupange mkutano wa robo mwaka kwa kufuata ratiba ya meli.