Nikon P950 au Canon SX70: ipi upande nayo Gombe, ipi ubaki nayo ufukweni

Mwezi uliopita aliingia dukani kwetu mwalimu mstaafu, mtu wa Ujiji, akiwa na akiba yake ya kununua kamera.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kijana, nipe ile inayovuta mpaka Kongo."

Wateja wengi wa hapa Kigoma huanza na ombi hilo, na hatuwalaumu. Baada ya mvua kubwa hewa ikitakata, milima ya Kongo inasimama pale ng'ambo ya ziwa kama mtu ameichora usiku. Ukiiona hivyo lazima utake kuisogeza. Lakini kabla sijafungua kabati nilimuuliza Mwalimu swali tunalomuuliza kila mteja: utakuwa umesimama wapi unapopiga hiyo picha? Kamera mbili tunazoulizwa zaidi, Nikon Coolpix P950 na Canon PowerShot SX70 HS, zinatengana kwenye jibu la swali hilo kuliko kwenye namba zilizoandikwa kwenye boksi.

Tuanze na hizo namba, maana ndizo zinazopotosha watu. P950 ilitoka Januari 2020 ikiwa na zumu ya mara 83. SX70 ilitangulia, Septemba 2018, nayo ni mara 65. Mteja anasoma 83 na 65, anaamua. Ila hiyo "mara" haisemi kamera inafika mbali kiasi gani. Inasema tu lenzi imetoka wapi ikafika wapi. Lenzi hupimwa kwa milimita, kwa kipimo cha kamera kubwa: namba ndogo inachukua eneo pana, kubwa inavuta mbali. Canon inaanzia kwenye upana wa milimita 21 na kuishia 1365. Nikon inaanzia 24 na kuishia 2000. Kwa hiyo kule mwisho Nikon inavuta karibu mara moja na nusu ya Canon, tofauti kubwa kuliko 83 na 65 zinavyoonyesha. Na huku mwanzo Canon inachukua eneo pana zaidi. Ukiwa umebanwa ndani ya boti la abiria, magoti ya jirani yako yamegusa yako, ule upana wa 21 utaushukuru.

Kwa macho ni hivi. Mweke mtu umbali wa mita 100 uvute mpaka mwisho: Nikon inaona kipande cha upana wa mita 1.8, Canon mita 2.6. Mwezi mpevu kwenye Nikon unajaza robo tatu ya urefu wa picha, kwenye Canon nusu. Mteja ambaye haja yake ni mwezi, au furukombe aliyetua juu ya mti mkavu ng'ambo ya ghuba, simzungushi: achukue Nikon. Hata kwenye gurudumu la juu imewekewa alama ya mwezi na alama ya ndege.

Sasa twende Gombe, hifadhi ya sokwe, maana nusu ya wanaokodi kamera kwetu wanaelekea huko. Ni kilomita 16 hivi kaskazini ya mji, unapanda boti kwenye ufukwe wa Kibirizi. Tangu Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofika pale Julai 1960, sokwe wale wamezoea kutazamwa na watu, na ndiyo maana unaweza kukaa nao karibu hivyo. Wahifadhi watakutaka ubaki umbali wa mita kama 10, ili mafua yako yasiwapate, na flashi ni marufuku kabisa. Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Kwenye mita 10, zumu ya milimita 200 tu inatosha kumchukua sokwe mzima aliyeketi na majani ya pembeni yakaonekana. Ukitaka uso na mikono, 400 inakutosha. Ile 2000 uliyoilipia inabaki mfukoni siku nzima.

Kinachokosekana msituni ni mwanga. Mabonde ya Gombe yana miti iliyofungamana juu, na saa 4 asubuhi jua likiwa kali ziwani, chini ya miti kuna kiza cha jikoni. Kamera zote mbili zina sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, milimita 6.2 kwa 4.6, kitu unachoweza kukifunika kwa ukucha wa kidole kidogo. Kamera kubwa za studio zina sensa ya 36 kwa 24, yaani eneo lake ni mara 30 hivi ya hili. Sensa ndogo ndiyo iliyowezesha lenzi ndefu namna ile kuingia kwenye kamera unayoweza kuibeba. Gharama yake unailipa kwenye giza: ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, kufika 1600, picha inajaa chenga na manyoya meusi ya sokwe yanageuka tope. Halafu kadiri unavyovuta ndivyo tundu la lenzi linavyobana, na namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo. Nikon inaanza na f/2.8 ikiishia f/6.5, ambapo mwanga unaoingia umepungua zaidi ya mara 5. Canon inaanza na f/3.4 na kuishia f/6.5 vilevile.

Kwa hiyo Gombe, kamera yoyote kati ya hizi, ushauri wetu ni mmoja: usivute zaidi ya unavyohitaji, subiri sokwe atoke kwenye upenyo wa jua, na piga kwa mfumo wa RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Zote mbili zinao, na faili za RAW tukizisafisha hapa dukani chenga zinapungua sana. Nikon ina nafuu kidogo ya mwanga pale mwanzo wa lenzi. Hata hivyo mimi mwenyewe nikienda Gombe nabeba Canon, na sababu ni uzito. SX70 ina gramu kama 610. P950 inazidi kilo moja. Ning'inize kilo ya sukari shingoni kwako, kisha upande mteremko wa Gombe kwa saa mbili ukishika mizizi kwa mikono yote miwili, utanielewa. Sokwe wanapoanza kuhama, hawasubiri mtu anayehema.

Wengine husema Canon ni bora kwa kuwa ina megapikseli 20 na Nikon 16. Hilo liache. Sensa zina ukubwa uleule, na vile vipande vya picha, yaani pikseli, vikiongezwa kila kimoja kinakuwa kidogo zaidi. Kwenye picha zilizochapwa ukubwa wa A3 tumeziweka ukutani zote mbili, na hakuna mteja aliyezitofautisha kwa hilo.

Turudi ziwani, kwa Mwalimu na milima yake. Nilimpeleka Kibirizi na kamera zote mbili, saa 12 na nusu asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikirudi na taa zake zimeshazimwa. Tulilenga boti moja iliyokuwa kama kilomita moja ndani. Nikon tuliilaza juu ya gunia la mchele, tukavuta mpaka mwisho. Namba ya usajili ubavuni ilisomeka, na fundo la kamba kwenye pua ya boti ungeweza kulihesabu mizunguko. Kwa Canon namba ilisomeka, fundo halikuonekana vizuri. Tukarudi palepale saa 8 mchana. Safari hii kwenye Nikon zile herufi zilikuwa zinachemka. Zinapanda, zinashuka, zinajikunja kama kitu kilicho chini ya maji ya moto. Mwalimu akadhani nimegusa kitu.

Sikugusa kitu. Jua likishapanda, hewa iliyo juu ya maji na mchanga inapata joto bila usawa na mwanga unapinda njiani, na kadiri unavyovuta mbali ndivyo unavyoipiga picha hiyo hewa badala ya boti. Hakuna lenzi inayolitibu jambo hilo. Wakati wa kiangazi linaongezeka la pili, moshi na ukungu wa vumbi, na milima ya Kongo inapotea wiki kadhaa. Mwenye kamera ya milimita 2000 hapa Kigoma ajue kwamba amenunua kamera ya asubuhi.

Tena ajue ni kamera ya kuegemeza. Zote mbili zina kitulizi cha mtikisiko ndani ya lenzi na kinafanya kazi kweli, lakini pale mwisho wa zumu hata pumzi yako inaonekana. Ukuta, gunia, bega la mwenzako akikubali, vyote vinafaa. Nikon ina kitufe ubavuni mwa lenzi: ndege akikutoka unakibonyeza, lenzi inarudi nyuma kidogo, unamtafuta, unakiachia inamrudia. Canon nayo ina chake cha kazi hiyohiyo. Jifunze hicho kabla ya kitufe kingine chochote.

Zima pia zumu ya dijiti. Namba kubwa zaidi mnazoziona mitandaoni, mara 166 au 130, ni picha ileile iliyokatwa na kutanuliwa, jambo unaloweza kulifanya nyumbani kwenye simu bila haraka.

Na kwa kuwa nimetaja simu: sherehe ya ukumbini usiku, usikodi kamera hizi. Tunakataa hata mteja akisisitiza. Simu nyingi nzuri za sasa zina sensa kubwa kuliko hizi, na kwa bibi harusi aliye hatua tatu mbele yako simu itakupa uso safi zaidi. Kuna mama mmoja alikodi kwetu kabla hatujaweka msimamo huo, na picha za mwanawe zilivyorudi na chenga bado zinaniuma.

Kuhusu umeme, betri ya Canon inakadiriwa kupiga picha 325 na ya Nikon 290. Ila Nikon inachajiwa kwa waya wa USB, hivyo pawabenki inakutosha ukiwa kwenye boti. Ya Canon unaichomoa na kuiweka kwenye chaja yake ukutani. Anayelala Gombe na Canon tunampa betri mbili.

Kamera zinazoletwa kwetu kutengenezwa, nyingi zinaumwa mchanga. Lenzi hizi hutoka nje kama bomba ndani ya bomba, na hakuna hata moja kati ya hizi mbili iliyozibwa dhidi ya maji au vumbi. Chembe moja ya Kibirizi ikinasa kwenye ukingo, ukizima kamera inavutwa ndani pamoja na lenzi. Utasikia krr, kisha lenzi inagoma katikati. Usiisukume kwa kidole. Kila unapomaliza ufukweni, kabla hujazima, geuza kamera itazame chini na pitisha brashi laini kuzunguka bomba lote. Brashi tunaitoa bure na kila kamera inayotoka hapa.

Mwalimu alichukua Nikon. Haendi Gombe, magoti yake hayamruhusu. Anakaa barazani kwake asubuhi na mdiria wanaovua pale chini. Ukitaka kujipima kabla ya kulipa, kila Jumamosi saa 12 asubuhi tunashuka Kibirizi na kamera zote mbili na gunia letu la mchele. Njoo na memori kadi yako, uondoke na picha zako ukazilinganishe nyumbani.