Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Bunduki Moja

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikaahidi bunduki tatu. Tumemaliza moja. Ya pili ina mtutu na mti, yaani ubao unaoubeba mtutu, lakini haina mtambo wa kuwashia baruti, na ya tatu ni ubao wenye tundu mahali pasipotakiwa, nitaueleza. Mkitaka kunilaumu mna haki, ila nisomeni kwanza.

Kwa wanachama wapya sita, wengi wao ndugu zetu wa Kivu: sisi hutengeneza kwa mkono bunduki ndefu za gumegume, yaani za kuwashwa kwa cheche za jiwe, zile zilizozaliwa hapa hapa Pennsylvania katika karne ya 18. Mafundi wa Kijerumani na Kiswisi walikuja na bunduki zao fupi, nene, zenye tundu kubwa. Huku mwindaji alikaa porini miezi bila kuona duka, na kila wakia ya risasi na baruti ilikuwa mali. Basi mtutu ukarefushwa hadi inchi 42, 44 na hata zaidi, tundu likapunguzwa likawa nusu inchi au chini yake. Watu huiita bunduki ya Kentucky kwa sababu huko ndiko ilikokwenda kuvuma. Sisi wa Lancaster tunajua ilikotoka.

Jacob Dickert, ambaye bunduki zake leo zinatunzwa kwenye makumbusho, aliletwa huku mtoto kutoka Ujerumani, akafanya kazi katika mji huu mpaka alipofariki mwaka 1822. Nikiulizwa Mnyamwezi kama mimi anatafuta nini kwenye bunduki za Wajerumani, humtaja huyo. Halafu humtaja marehemu babu yangu, aliyekuwa na gobore lake kule Sikonge, ingawa la babu liliwashwa kwa fataki, si kwa jiwe.

Sasa ule mzozo wa mwezi wa Machi. Mtakumbuka kundi moja lilisema kwamba tukinunua mtutu na mtambo dukani, hatuna uso wa kudai tumetengeneza kwa mkono. Kuna aliyetuita mafundi wa kuunganisha. Kamati ikanituma nikachunguze, na jibu nililorudi nalo halikumfurahisha mtu: mafundi wa karne ya 18 wenyewe walinunua. Mitambo mingi ilikuja kwa meli kutoka Uingereza na Ujerumani. Mitutu ilitoka kwenye karakana za kando ya mito, ambako gurudumu la maji lilizungusha kekee na jiwe la kunolea. Kuifua waliweza. Bapa la chuma hukunjwa kuzunguka ufito, likaungwa motoni kipande kwa kipande, likapekechwa, ndipo ikachongwa ndani ile michirizi ya mzunguko, mara nyingi saba, inayoipa risasi kizunguzungu cha kuinyoosha safari yake. Fundi wa bunduki Wallace Gusler alizifanya kazi zote hizo kule Williamsburg, Virginia, miaka ya 1960, kwa zana za kale, na dunia ikaona kwamba inawezekana. Namvulia kofia. Lakini fundi wa zamani mwenye wateja mlangoni na watoto wa kulisha alinunua mtutu, nguvu zake akazitia kwenye mti.

Kwa hiyo kamati imeamua: mtutu na mtambo, ruksa kununua. Mti uliochongwa na mashine, hapana. Hapo mkitaka kunigeuza, mnigeuze kwa kura.

Maana kazi yenyewe iko hapo. Kuanzia kitakoni hadi karibu na mdomo wa mtutu ni ubao mmoja wa mepli, mti mgumu wa huku, yenye mawimbi. Wamarekani huona ndani yake chui milia, mimi naona pundamilia. Mtutu wetu una pembe nane, na pembe zote za chini lazima zilale ndani ya ubao bila mwanya. Mnaokuja Jumamosi mmeona. Tunapaka mtutu masizi ya kibatari yaliyochanganywa na mafuta, tunaulaza kwenye mfereji wake, tunaugonga kidogo kwa kiganja, tunauinua. Palipobaki doa jeusi ndipo chuma kinapogusa. Unachukua patasi, unakwangua doa, unyoya mwembamba kama ganda la kitunguu. Unarudia. Siku ya kwanza madoa yalikuwa matatu tu, yaani mtutu ulikuwa unaning'inia. Jumamosi ya 11 mfereji mzima ukawa mweusi, na Mama mweka hazina, ambaye alikuja kudai risiti, akaomba patasi. Tangu siku hiyo hajakosa.

Ule ubao wa tatu niliuharibu mimi. Tundu la mdeki, ule ufito wa kushindilia risasi, hupekechwa ndani ya mti, chini ya mtutu, kwa kekee ndefu usiyoiona ncha yake. Mepli ya mawimbi haina huruma: kekee hufuata nyuzi za mti badala ya kukufuata wewe. Nilihisi inakwenda laini mno nikajipongeza. Ncha ikatokea ubavuni. Dola 240 za chama. Nimezirudisha, na ubao nimeutundika juu ya meza yangu ya kazi ili vijana wacheke.

Kwenye rangi tulifuata njia ya wazee, yaani tindikali ya nitriki iliyoyeyusha chuma. Ukiipaka, mti unakuwa kijani kibaya na mgeni hudhani umeharibika. Ukiupitisha karibu na joto unageuka kahawia nyekundu, na mistari inaamka. Hii ni kazi ya kufanyia nje, na glavu si mapambo.

Bunduki ilikamilika Novemba, ratili tisa kasoro. Baada ya Krismasi wanachama wawili wenye leseni waliichukua kwenye msimu wa kulungu wa gumegume, ambao jimbo hili limekuwa nao tangu miaka ya 1970. Asubuhi ya kwanza kulungu akasimama hatua 40. Jiwe likapiga, cheche zikaruka, baruti ya kwenye kisahani ikawaka fuu! Mtutu kimya. Kulungu akawatazama, akaondoka taratibu bila hata kukimbia. Tuliokuwa tumebaki nyumbani ndio wenye kosa: tuliacha mafuta ya kuhifadhia ndani, yakaziba kitundu kinachopitisha moto. Siku hizi tunapitisha unyoya wa kuku kwenye kitundu kabla ya kushindilia. Kulungu hatujapata.

Fedha ziko kwenye jedwali la Mama mweka hazina na sina la kuongeza, isipokuwa kwamba kati ya wanachama 38, saba hawajalipa ada na wanajijua.

Mwenye jengo amekataa baruti kulala karakanani hata usiku mmoja, na baada ya maneno mengi nimekubali ana haki. Kila mwenye baruti ataihifadhi kwake kwa utaratibu wa sheria, mbali na moto na mbali na watoto.

Ziara ya Oktoba tulikwenda Jacobsburg, karibu na Nazareth, kwenye makumbusho ya bunduki ndefu na mahali familia ya Henry ilipokuwa na kiwanda chake cha bunduki cha Boulton. Niliyemkuta amesimama muda mrefu kuliko wote ni kijana wetu wa Uvira. Hakuwa anatazama nakshi wala shaba. Aliinama akitafuta alama za patasi ndani ya kifuniko cha kitakoni, mahali mnunuzi asipotazama, akaziona. Kamati inapendekeza yeye ndiye afunge mtambo wa bunduki ya pili.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya kwanza ya Aprili, saa nne asubuhi, karakanani. Njooni na nguo za kazi, kwa sababu baada ya kura tutapaka masizi.